Baba wa Waendesha Pikipiki wa Sturgis

Katika jimbo la South Dakota, nchini Marekani, umo mji mdogo uitwao Sturgis, wenye wakazi wapatao 7,000, uliojengwa kando ya vilima vya Black Hills vilivyojaa misonobari. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mji huo ni kimya. Lakini ufikapo mwezi wa Agosti, ngurumo za pikipiki husikika toka pande zote, na barabara kuu hujaa pikipiki zilizopangwa safu kwa safu. Mwaka wa 2015, mkutano huo ulipotimia mara ya 75, ilikadiriwa kwamba zaidi ya watu 700,000 walihudhuria. Chanzo cha mambo hayo ni mwuza pikipiki mmoja, Clarence Hoel, ambaye watu walimpa jina la "Pappy", maana yake Baba.

Bwana Hoel hakuanza maisha yake kwa kuuza pikipiki. Jamaa zake walikuwa wauzaji wa barafu. Zamani hizo, katika nchi za baridi kali, barafu ilikatwa wakati wa kipupwe maji yalipoganda, ikawekwa ghalani, kisha ikauzwa wakati wa joto kwa watu waliotaka kuhifadhi nyama na maziwa. Friji zilipoanza kuenea majumbani, ilikuwa dhahiri kwamba biashara hiyo haina maisha marefu. Mwenye akili hangojei paa limwangukie. Mwaka wa 1936 Bwana Hoel alipata uwakala wa kuuza pikipiki za Indian, zilizotengenezwa katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts.

Wakati wenyewe haukuwa mwema kwa biashara mpya. Marekani ilikuwa katika dhiki kuu ya uchumi, na ukame ulikuwa umeharibu mashamba mengi ya nyanda zile. Mtu aliyefungua duka la pikipiki mahali kama hapo angeweza kukaa mlangoni kutwa nzima asimwone mnunuzi. Lakini Bwana Hoel alifahamu jambo moja ambalo wafanya biashara wengi hulisahau: mtu hanunui pikipiki ili aitazame. Huinunua apate kusafiri, naye akipata wenzake wa kusafiri nao, furaha yake huzidi, na chombo chake hakikai bure uani.

Basi katika mwaka ule ule alikusanya waendeshaji wa Sturgis wakaanzisha chama, wakakiita Jackpine Gypsies, yaani wahamaji wa misonobari. Wanachama walisafiri pamoja vilimani, tena wakashindana. Katika safari za namna hiyo, mwenye spana huwa ndugu wa asiyekuwa nayo, na mpira wa mmoja ukipasuka, wote husimama.

Tarehe 14 Agosti, 1938, chama hicho kilifanya mashindano yake makubwa ya kwanza. Washindani walikuwa 9 tu, na watazamaji walikuwa wachache. Palikuwa na mbio katika uwanja wa udongo, tena palikuwa na michezo ya kutisha: watu waliruka na pikipiki juu ya majukwaa, wakapasua kuta za mbao kwa vishindo, hata wakagongana na motokaa kwa makusudi. Mtu aliyehesabu faida kwa siku moja angaliona kwamba kazi hiyo haina maana. Bwana Hoel aliita watu tena mwaka uliofuata.

Wageni waliofika toka mbali walipiga hema katika ua wa nyumba yake, na mkewe, Bibi Pearl, aliwapikia chakula. Bwana Hoel naye aliwaongoza katika safari za kuizuru nchi ile, hata Mlima Rushmore, ambako nyuso za marais wanne zilikuwa zikichongwa katika mwamba. Kwa hiyo mtu aliyekuja kutazama mbio alirudi kwao akiwa na rafiki. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ndivyo ilivyokuwa kwa Sturgis, kwa kuwa wageni hao walihitaji mahali pa kulala, chakula na petroli, na fedha zao ziliingia katika maduka ya mji mzima.

Majaribu hayakukosekana. Katika Vita Vikuu vya Pili petroli ilitolewa kwa kipimo, na mkutano ukasimama kwa muda. Baada ya vita, mwaka wa 1947, fujo zilitokea katika mkusanyiko wa waendesha pikipiki huko Hollister, California, na habari zake zilipoenea katika magazeti, wananchi wengi wakawadhania waendeshaji wote kuwa wahuni. Kisha mwaka wa 1953 kiwanda cha Springfield kikaacha kutengeneza pikipiki za Indian. Bidhaa iliyomfungulia Bwana Hoel duka lake ikawa haipo tena.

Hapo ndipo ilipoonekana alichokuwa amejenga. Kama angalikuwa ameuza vyuma tu, mambo yote yangalikwisha na kiwanda. Lakini mkutano uliendelea, na wenye pikipiki za kila namna wakakaribishwa. Mwaka wa 1961 yaliongezwa mashindano ya kupanda kilima na mbio za njia mbovu. Hata katika uzee wake Bwana Hoel hakuwasahau waliokuwa mashujaa wa zamani. Alianzisha chama cha wakimbiaji wakongwe wa viwanja vya udongo, kikapewa jina la kibao cheupe cha namba ambacho wakimbiaji wa daraja la juu walikiweka katika pikipiki zao, ili wazee hao wakutane na kuheshimiwa.

Bwana Hoel alifariki mwaka wa 1989, na mwaka wa 1998 jina lake liliandikwa katika jumba la heshima la waendesha pikipiki wa Marekani. Wengi wa wanaofika Sturgis hawakumwona kwa macho, wala hawakununua kwake hata msumari mmoja. Hata hivyo hufuata barabara zile zile za vilimani ambazo yeye aliwaongoza wageni wake, na chama alichokianzisha kingali kikiendesha mashindano yake. Mwuzaji huhesabu alichouza jioni afungapo duka. Kazi ya Pappy Hoel ilihesabiwa kwa waliorudi mwaka uliofuata, wakaleta na wenzao.