Bunia: Mwisho wa juma wa kutafuta nyungu, chombo kisichokimbia vita

BUNIA – Kwa mkaaji wa Bunia mwenye siku mbili za kupumzika, matembezi si lazima yawe ya mbali. Barabara za kuelekea Komanda na Kasenyi hazina uhakika kila siku, na familia nyingi hazitoki nje ya mji bila sababu kubwa. Lakini siku ya posho asubuhi, kwa miguu au kwa pikipiki, mtu anaweza kufanya safari fupi isiyomaliza mfuko: kuzunguka masoko na duka ndogo za vitu vya mikono, akitafuta nyungu ya udongo.

Safari hiyo ina raha yake. Ina pia swali lake. Katika jimbo la Ituri, ambako zaidi ya watu milioni moja wamehama makwao, nani bado anafinyanga, na nani atafinyanga kesho?

Pa kuanzia

Mahali pa kuanzia ni sokoni, mapema, kabla jua halijawa kali na kabla watu hawajajaa. Katika masoko ya Ituri, nyungu haziwekwi mbele kama vitambaa au simu. Mara nyingi huwa pembeni, karibu na vikapo, mikeka, vipekecho, vinu na vibuyu. Mtembezi asipouliza, anaweza kupita bila kuziona.

Kuna aina kadhaa za kuangalia. Nyungu ya kupikia ina mdomo mpana na kitako cha mviringo, ili ikae vizuri juu ya mafiga matatu na moto uizunguke. Mtungi wa maji ni mkubwa zaidi, shingo yake nyembamba ili maji yasimwagike wala yasiingie uchafu. Bakuli la udongo ni la kuwekea mboga. Siku hizi kuna pia vyungu vya maua na ziko za makala zenye udongo ndani, ambazo wateja wa mjini wanazipenda kwa sababu zinatunza moto.

Swali la kwanza la kumuuliza mama muuzaji si bei. Ni hili: «Mama, udongo huu umetoka wapi, na nani ameufinyanga?» Mara nyingi anayeuza siye aliyefinyanga. Jibu lake humwonyesha mnunuzi njia yote ya chombo, kutoka bonde fulani, mikononi mwa mama au baba fulani, kichwani au kwenye pikipiki, mpaka mjini. Katika wilaya ya Irumu peke yake wanaishi Bahema, Wangiti, Wabira, Walese, Wanyali na Wambuti, pamoja na wengine wengi. Sokoni vyombo vya watu hawa hukutana, hata pale ambapo wenyewe wamekuwa na magumu ya kukutana.

Kazi iliyo ndani ya nyungu moja

Bei ya nyungu huonekana kubwa kwa mtu asiyejua kazi yake. Mfinyanzi huchimba udongo mabondeni au kando ya mito, mahali penye udongo mzito unaonata. Anautoa mawe na mizizi, anautwanga, kisha anauchanganya na mchanga au na unga wa vigae vya nyungu za zamani zilizovunjika. Mchanganyiko huo si wa kuongeza uzito. Ndio unaofanya nyungu ivumilie moto: udongo mtupu hupasuka unapopata joto la ghafula, lakini chembe ngumu zilizo ndani huzuia ufa usiendelee.

Hakuna gurudumu. Mfinyanzi anaviringisha udongo kama kamba, anaupandisha duara juu ya duara, kisha analainisha kuta kwa vidole na kipande cha kibuyu. Kabla udongo haujakauka, anapitisha juu yake kamba iliyosokotwa au ukindu uliofungwa mafundo, akiiviringisha kwa kiganja. Alama zinazobaki ndizo yale mapambo ya mistari midogo yanayoonekana shingoni. Namna hiyo ya kupamba inajulikana katika nchi nyingi za Maziwa Makuu, na si urembo tu: chombo chenye alama hakitelezi mkononi kikiwa kimelowa.

Kisha nyungu inakaa kivulini siku nyingi. Haraka hapa ni hasara, kwa sababu maji yakibaki ndani ya ukuta, yatageuka mvuke motoni na nyungu italipuka. Mwishoni nyungu hupangwa chini, zikafunikwa kwa kuni na majani makavu, na kuchomwa wazi bila tanuri. Moto wa namna hiyo hufikia nyuzi kati ya 600 na 900 za Selsiasi. Kazi ya majuma mawili inaweza kuharibika kwa upepo mmoja au mvua moja.

Namna ya kuchagua na kutunza

Mnunuzi mwenye akili huigonga nyungu kidogo kwa kidole kilichokunjwa. Ikitoa sauti safi kama kengele ndogo, imeiva na haina ufa. Ikitoa sauti nzito iliyozibwa, huenda ina ufa usioonekana au haikuiva. Halafu anaitazama ndani kwenye mwanga, na kupitisha kidole mdomoni kuona kama unene ni sawa kila upande.

Ikifika nyumbani, haiwekwi kwenye moto mkali siku hiyo hiyo. Wapishi wengi huanza kwa kuchemsha ndani yake uji au maji yenye unga wa muhogo kwa moto mdogo. Wanga huingia katika matundu madogo ya udongo na kuyaziba. Baada ya hapo nyungu iko tayari kwa maharagi, sombe au nyama ya kuchemsha polepole. Haipendi kutolewa motoni na kumwagiwa maji baridi mara moja.

Mtungi wa maji hauzibwi, kwa sababu matundu hayo ndiyo faida yake. Maji kidogo hupita ukutani, hukauka nje kwa hewa, na yakikauka huchukua joto pamoja nayo. Ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi mchana wa jua kali hata katika nyumba isiyo na umeme. Lakini mtungi hausafishi maji. Maji yasiyo salama yanabaki kuwa ya kuchemshwa kwanza.

Vigae vya msituni

Urithi huu ni wa zamani kuliko mipaka ya Kongo. Kusini mwa wilaya ya Irumu, upande wa Walese Vonkutu, uko Mlima Hoyo wenye mapango na maporomoko ya maji ambayo zamani yalivuta watalii. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Ubelgiji Francis Van Noten alichimba katika pango moja la huko, Matupi, na kukuta vifaa vidogo vya mawe vinavyoonyesha kwamba watu waliishi hapo zaidi ya miaka 40,000 iliyopita.

Nyungu zilikuja baadaye sana. Katika miaka ya 1990, Julio Mercader na wenzake walichimba chini ya miamba katika msitu wa Ituri, na mwaka 2000 walitoa utafiti uliolinganisha vigae vya kale vya msitu huo na nyungu zilizokuwa zikifinyangwa na watu wa sasa. Kwa maneno mengine, mama wa kijijini aliyekuwa akichoma nyungu zake aliwasaidia wanasayansi kuelewa vigae vilivyofukiwa kabla ya babu wa babu zake.

Kaskazini zaidi, katika Haut-Uele, nyungu za Wamangbetu zenye kichwa cha mtu zilipata sifa duniani. Herbert Lang na James Chapin walikusanya vitu vingi huko kati ya mwaka 1909 na 1915 kwa ajili ya jumba la makumbusho la historia ya asili la New York. Lakini nyungu hizo zina fundisho. Zilifinyangwa kwa wingi wakati wakubwa na wageni walipokuwa wakizitaka. Wateja walipopungua, mikono nayo ilipungua. Leo mtu wa Ituri anayetaka kuona zilizo bora inambidi avuke bahari.

Nyungu haikimbii

Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni: anayetengeneza vyombo vya wengine, yeye mwenyewe anakula kwenye kigae. Katika Ituri methali hiyo imepata uzito mwingine.

Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, kisha machafuko yaliyorudi Djugu mwishoni mwa mwaka 2017 na kuenea, viliwafukuza watu vijijini tena na tena. Tangu Mei 6, 2021, jimbo liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Mama anayekimbia usiku na mtoto mgongoni huchukua sufuria ya aluminiamu, kwa sababu haivunjiki. Huchukua bidoni ya njano, kwa sababu ni nyepesi. Nyungu anaiacha mezani pa moto. Na akifika kambini, msaada anaopewa ni sufuria na bidoni nyingine.

Hivyo si plastiki peke yake iliyoshinda nyungu. Kukimbia ndiko kulikoipa plastiki ushindi. Nyungu ni chombo cha watu waliotulia: inataka bonde linalofikika bila hofu, kuni za kutosha, majuma ya kungojea, na nyumba ambayo mtu ana hakika ataiamkia. Mfinyanzi aliyehamia Bunia hakuiacha kazi kwa kuisahau. Ameacha nyuma udongo wake, na anayeishi katika hema la mita chache hana pa kukaushia wala pa kuchomea.

Hatari iko katika muda. Ufinyanzi haufundishwi kwa kitabu. Mtoto hukaa karibu na mama au shangazi miaka mingi, akikosea na kurudia. Msichana aliyezaliwa mwaka 2018 kambini anaweza kufika utu uzima bila kuona hata mara moja nyungu ikichomwa. Ufundi uliopita katika karne nyingi unaweza kukatika katika kizazi kimoja.

Kinachoweza kufanyika

Nchi nyingine zimeona hatari ya namna hiyo na kuitaja kwa jina. Mwaka 2012 UNESCO iliandika ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng, Botswana, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwaka 2018 ilitambua ufinyanzi wa wanawake wa Sejnane, Tunisia. Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, nguo yake ya magome ya mti ilitangazwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Nao Wambuti wa msitu wa Ituri wana nguo yao ya magome, wanaume wakiitwanga na wanawake wakiichora. Kongo inajua njia hiyo: mwaka 2021 rumba iliingia katika orodha kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja.

Lakini orodha ya UNESCO haiwashi moto wa mfinyanzi. Mnunuzi ndiye anayeuwasha. Familia inayonunua mtungi mmoja kwa mwaka, mgahawa unaoleta maharagi mezani ndani ya nyungu, shule inayomwita mama mfinyanzi afundishe watoto mchana mmoja, mashirika yanayowapa wahami nafasi ya kuchomea nyungu kandokando ya kambi: hayo hayangojei vita viishe. Wanafunzi wa vyuo vya Bunia nao wanaweza kurekodi, kwa simu tu, majina ya udongo, ya vifaa na ya mapambo katika lugha za jimbo, wakati wanaoyajua bado wako hai.

Kwa mtembezi wa siku ya posho, hesabu ni ndogo. Afike mapema, agonge, asikilize, aulize jina la bonde, asibishane bei mpaka chini. Aombe nyungu ifungwe kwa majani, na aibebe mwenyewe badala ya kuifunga nyuma ya pikipiki. Siku ya Mungu, wageni wakila, watauliza kwa nini maharagi yana ladha ile. Naye atakuwa na jina la bonde la kuwatajia.