Boga kubwa la bustanini: shina moja, tunda moja

Kila picha ya boga la Marekani ikizunguka WhatsApp, simu yangu haipumziki: "Bwana shamba, mbegu zile nazipata wapi nipande ekari nzima?"

Maboga yale ni ya kweli. Mwaka 2023 Travis Gienger wa Minnesota alipimiwa boga la kilo 1,247. Lakini ekari nzima usipande, ndugu yangu. Aina ile, Atlantic Giant, nyama yake ni ya majimaji, utamu hamna, na mama anayetoka sokoni anataka boga la kubeba mwenyewe. Panda mashina mawili tu nyuma ya nyumba, ujifunze.

Cha kujifunza ni hiki: chakula chote cha mmea kiende kwenye tunda moja. Chimba shimo la upana wa mita moja, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Mmea ukitambaa, fukia pingili zake kwa udongo, zitatoa mizizi mingine. Maua yakianza, usiwaachie nyuki kazi yote. Asubuhi mapema, kabla ua halijafunga, chuma ua dume, toa petali zake, kisha paka unga wake ndani ya ua jike, lile lenye kiboga kidogo chini yake. Acha matunda mawili matatu yafikie ukubwa wa mpira, halafu bakiza moja lililonyooka vizuri. Najua inauma kukata. Machanga hayo yanapikwa, na ncha za matawi ya pembeni unazopunguza ni mboga.

Tunda lilaze juu ya mchanga mkavu lisioze chini, na ulitengenezee kivuli.

Sasa maji, hapo ndipo mimi niliumia. Nilisafiri siku nne, boga langu limeshanishinda kulikumbatia. Bustani ikakauka. Niliporudi nikamwaga ndoo kwa ndoo, kufidia. Kesho yake lina ufa wa kuingiza kidole, na wiki haikuisha likaoza. Maji kidogo kidogo kila siku ni bora kuliko mafuriko ya siku moja.

Kwenye ekari yako ya maboga ya kuuza fanya hivyohivyo, ila bakiza matunda mawili au matatu kwa shina. Na ukitaka mbegu za msimu ujao, funga ua jike kwa uzi jioni kabla halijafunguka, lichavushe asubuhi, kisha ulifunge tena; nyuki wa jirani wasije wakakuchanganyia aina.