Joto Linalotibu: Lililo Mbali na Lililo Karibu



Wanaosafisha dhahabu kule Migori wanaujua mchanga mweusi mzito unaobaki kwenye karai. Ukisogeza sumaku, sehemu ya mchanga huo inairukia. Ni madini ya chuma. Watafiti wa saratani nao wanatumia chuma cha jamii hiyo, ila kimetengenezwa maabara kikawa punje ndogo mno: punje 5,000 zikipangwa mstari mmoja hazizidi unene wa unywele. Sasa chuma kinatibu vipi?

JOTO LINATOKA WAPI?

Punje zinadungwa ndani ya uvimbe. Kisha mgonjwa anawekwa kwenye mtambo wa umeme ambao nguvu yake ya sumaku inageuka huku na huku kama mara 100,000 kwa sekunde. Kila ikigeuka, usumaku wa punje nao unalazimika kugeuka. Kugeuka huko si bure. Sehemu ya nguvu inabaki pale pale ikiwa joto.

Mwili wetu kwa kawaida una nyuzi 37. Uvimbe ukifika nyuzi 42 au 43 na kukaa hapo muda wa kutosha, seli zake zinadhoofika, nyingine zinakufa, na tiba ya mionzi inazimaliza kwa urahisi zaidi. Nyama ya kando isiyo na punje haipati joto kali hivyo.

Wazo hili lilichapishwa Marekani mwaka 1957. Mwaka 2010 liliidhinishwa Ulaya kwa uvimbe wa ubongo, lakini kampuni ya Ujerumani iliyokuwa ikiliendeleza ilifilisika mwaka 2022. Basi si tiba ya kawaida bado.

Jihadharini na bangili za sumaku za sokoni. Sumaku yake haigeukigeuki, kwa hiyo haitoi joto lolote. Anayewaambia inaponya saratani anatafuta pesa zenu tu.

JOTO LILILO KARIBU NASI

Kuna tiba nyingine ya joto, rahisi zaidi, na hii akina mama wetu wanaihitaji. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi cha HPV, tena huchukua miaka mingi kukomaa. Mabadiliko yakionekana kabla hayajawa saratani, mhudumu aliyefunzwa anagusisha hapo kifaa chenye ncha ya nyuzi 100, kwa sekunde 20 hadi 30 kila mguso. Mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hii mwaka 2019. Lakini saratani yenyewe ikishaingia, kifaa hiki hakitoshi. Lazima hospitali kubwa.

Mwaka 2016 utafiti ulifanywa katika jamii 12 za Migori, akina mama wakijichukulia sampuli wenyewe. Kambi za afya vijijini zilipima wanawake 60 kwa kila 100; penye vituo vya afya peke yake, 37. Ajabu ni hii: kati ya waliokutwa na kirusi, chini ya nusu walifika kutibiwa. Kipimo bila matibabu ni kama kulima bila kupanda.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Ulizeni kituo chenu: kipimo cha HPV kipo? Tiba ya joto inapatikana wapi, na siku gani?

2. Andikeni akina mama wa miaka 30 na zaidi. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25. Siri ya mtu ilindwe.

3. Tengeni pesa kidogo za nauli, na mtu wa kumsindikiza anayeitwa kutibiwa.

4. Waume waelezwe mapema. Baada ya tiba majimaji hutoka kwa wiki kadhaa, na mama anahitaji kupumzika na tendo la ndoa kama wiki nne. Mume asiyejua ataleta ugomvi bure.

YA KUJADILIANA

Katika kikundi chetu, ni nani alipimwa akaambiwa arudi, na hajarudi? Ni nini kinamzuia: nauli, woga, au kukosa ruhusa nyumbani?