Siku Moja Chini ya Mlima wa Moto: Etna na Mji wa Taormina

Wanachama waliohudhuria mkutano wetu wa mwisho waliisikia taarifa ya safari ya Ulaya, tulikokwenda kutafuta wanunuzi wa karafuu wakati wa masika ambapo shambani hapana uchumaji. Wengi wao waliuliza swali moja: katika hesabu ya siku kuna siku moja isiyokuwa na mkutano wala mnunuzi, siku hiyo tulikuwa wapi? Jawabu ni kuwa tulikuwa Sicily, kisiwa kikubwa cha Italia, tukingoja ndege katika mji wa Catania, na siku hiyo tuliitumia kwenda kuutazama mlima wa moto uitwao Etna na mji wa kale wa Taormina. Gharama zake hazikutoka katika mfuko wa chama. Sisi watatu, yaani katibu, mweka hazina na mzee wetu wa kamati, kila mmoja alijilipia mwenyewe, na risiti ziko.

Yangekuwa matembezi matupu tusingeyaandika hapa. Lakini watu tuliowakuta huko ni wakulima wa miti kama sisi, wakaao kisiwani kama sisi, na ardhi yao ina mwenyewe mwingine asiyesikiliza rai ya mtu.

Tuliondoka Catania saa mbili asubuhi kwa basi dogo, pamoja na wageni wengine wa nchi mbalimbali. Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto wa wakulima wa upande wa magharibi wa mlima, mwenye leseni ya kazi hiyo. Alisema Kiingereza cha taratibu, ambacho katibu alikifasiri kila kilipohitaji kufasiriwa. Mzee wetu alimwita "mwanangu" tangu saa ya kwanza, naye, ijapokuwa hakulijua neno, alilipokea vizuri.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni rangi ya mji wenyewe. Majumba ya Catania mengi ni meusi, kwa sababu yamejengwa kwa mawe ya mlima. Mwaka 1669 mlima ulipasuka karibu na kijiji cha Nicolosi, ukatoa lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, na mto huo wa moto ukateremka polepole ukimeza vijiji na mashamba mpaka ukaufikia mji na kuingia baharini. Ipo ngome ya kale, Castello Ursino, iliyokuwa imejengwa kando ya bahari. Lava iliizunguka na kuisukuma pwani mbali nayo, na leo ngome iko katikati ya mitaa. Miaka 24 baadaye, Januari 1693, likaja tetemeko likauangusha mji, na wenyeji wakaujenga upya kwa mawe yale yale yaliyowaunguza.

Basi likaanza kupanda. Hapa tulipata la kufurahisha. Etna una jina jingine, Mongibello, na kiongozi akasema jina hilo ni "mlima" mara mbili: neno moja la Kilatini na la pili la Kiarabu, jabal. Mzee wetu akacheka akasema, "Kumbe ni jabali!" Waarabu na Waberberi kutoka upande wa Tunisia walianza kuiteka Sicily mwaka 827, wakakaa wakitawala zaidi ya miaka mia mbili, na mlima wakauita Jabal al-Nar, Mlima wa Moto. Ibn Jubayr, aliyevunjikiwa na chombo karibu na Messina mwaka 1184 alipokuwa akirudi kutoka Hija, ameutaja katika khabari za safari yake. Utawala uliondoka, maneno yakabaki shambani. Birika la kuwekea maji ya kumwagilia wakulima wa Sicily huliita gebbia, na mfereji wake saia, na maua ya mchungwa huyaita zagara. Aliyesoma chuoni hahitaji kuambiwa asili ya maneno hayo.

Chini ya mlima ni malimau na machungwa; juu yake mizabibu katika matuta yaliyozungushiwa kuta za mawe meusi; juu zaidi ni misitu, kisha hapana kitu. Udongo uliotokana na majivu ya mlima una nguvu ajabu, nao ndio sababu ya watu kutoondoka. Lakini udongo huo haupatikani kwa haraka. Tulisimama mahali pa lava ya zamani, tukaona kwanza kitu kama ukoga wa kijivu kilichoshika jiwe, halafu majani membamba katika nyufa, halafu vichaka. Wakulima husaidia kwa kupanda mpungate, ambao mizizi yake hupenya na kulipasua jiwe. Hata hivyo lava ya mwaka 1669 mahali pengi bado ni mwamba mtupu. Sisi humwona mtu mvumilivu akipanda mkarafuu na kuungoja miaka sita au minane mpaka aanze kuuchuma. Pale mtu hupanda mpungate kwa ajili ya kitukuu cha kitukuu chake.

Neno jingine tuliloandika kitabuni ni dagala. Lava ikipita pande mbili na kuacha kipande cha ardhi ya zamani katikati, na miti yake na pengine nyumba yake, kipande hicho huitwa hivyo. Ni kisiwa cha udongo ndani ya bahari ya mawe.

Saa nne na nusu tulifika Rifugio Sapienza, kituo kilicho kiasi ya mita 1,900 juu ya bahari, penye mikahawa, maduka na vijigari vinavyoning'inia juu ya waya vikipeleka watu mpaka kiasi ya mita 2,500. Huko ni baridi hata mwezi wa Mei. Tulikodi makoti na viatu, na upepo ulichukua kofia ya mweka hazina, nayo haikupatikana. Tuliteremka katika kasoko za Silvestri, ndiyo mashimo yaliyotoa moto mwaka 1892 na sasa yamezimika, mtu aweza kuyazunguka kwa miguu. Majivu yake mengine ni meusi, mengine mekundu kama udongo wetu wa kinongo. Kilele chenyewe, kilicho zaidi ya mita 3,300, tulikiona kwa mbali kikitoa moshi mweupe. Huko juu mgeni haendi kama apendavyo. Hutaka kiongozi, na siku nyingine njia hufungwa kabisa. Mwaka 1979 mripuko wa ghafla uliwaua wageni tisa karibu na ukingo wa kasoko moja. Juni 2, 2025 upande wa kasoko nyingine uliporomoka, wingu la majivu ya moto likashuka, na wageni waliokuwa mlimani wakakimbia, wakasalimika.

Kutoka hapo tuliteremka upande wa mashariki mpaka Zafferana, na hapa ndipo tuliposikia khabari iliyotukaa zaidi.

Desemba 1991 mlima ulifunguka, na lava ikaelekea Zafferana. Januari 1992 serikali ilijenga ukuta wa udongo na mawe wenye urefu wa zaidi ya mita 200 na kimo cha kiasi ya mita 20. Lava ikaujaza, na Aprili ikaurukia. Ndipo wakapanda juu kulikotokea moto, wakamwaga mawe na vipande vya saruji kwa helikopta ndani ya mfereji wa lava, na mwishoni mwa Mei wakaripua baruti ya tani saba katika kingo zake. Moto ukageuka ukarudi kumwagika mahali ulikokwisha kupita, mji ukapona. Husimuliwa kuwa mkulima mmoja, alipoiona lava imefika nyumbani kwake na hapana la kufanya, alitandika meza kwa mkate na jibini na divai, kisha akatoka. Alisema mlima umetoka mbali na umechoka. Mzee wetu alinyamaza kwa muda aliposikia hayo, halafu akauliza, "Na shamba lake?" Kiongozi akaonyesha kwa mkono upande wa mawe.

Mweka hazina akauliza kwa nini hawakufanya hivyo zamani, kuugeuza moto. Jawabu lake lilikuwa khabari ya 1669. Watu wa Catania, wakiongozwa na Diego Pappalardo, walijifunika ngozi za ng'ombe zilizoloweshwa maji, wakachukua vyuma, wakapasua ukingo wa lava uliokwisha kuganda. Moto ukaanza kutoka kwa upande ule. Lakini upande ule ulielekea Paternò, na watu wa Paternò, mamia kwa mamia wenye silaha, wakaja kuwafukuza. Tundu likaziba, lava ikaendelea na njia yake. Baada ya hapo, hata mwaka 1983, hapakufanywa jaribio kubwa la kuugeuza moto wa Etna.

Tulilizungumza jambo hilo njia nzima, na hatukukubaliana. Mweka hazina aliona watu wa Paternò walikuwa na haki. Mzee wetu alikumbusha tufani ya mwaka 1872, iliyoilaza mikarafuu ya Unguja karibu yote na kuiacha Pemba bila ya madhara makubwa. Msiba wa jirani ndio uliotufanya sisi wa Pemba kuwa wenye karafuu nyingi, na hapana aliyeuomba. Tofauti, akasema, ni kuwa tufani haina mtu aliyeielekeza. Kwa upande wetu tunaona la serikali mwaka 1992 lilikuwa jema kwa sababu moto uliporudishwa juu ulirudishwa mahali pasipo na mtu. Kama pangekuwa na kijiji, tusingejua la kusema.

Mascali tulipita bila ya kusimama. Novemba 1928 lava iliufunika mji ule pamoja na mashamba yake ya malimau kwa muda wa siku mbili hivi. Watu waliwahi kutoka na vyombo vyao, hapakufa mtu, na mji mpya ulijengwa upande wa chini kwa mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari. Lakini mji ulijengwa upya kwa miaka. Mashamba hayakurudi pale yalipokuwa.

Taormina tulifika baada ya adhuhuri. Uko juu ya kilima, kiasi ya mita 200 kutoka baharini, na basi huachwa chini ya mji. Ni mji wa waliokimbia: Wagiriki wa Naxos, pale pwani, walivunjiwa mji wao mwaka 403 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na baadaye, mwaka 358, mabaki yao wakakusanywa juu ya kilima. Wakajenga ukumbi wa michezo wenye madaraja ya kukalia yaliyochongwa katika mwamba, ambao Warumi waliujenga upya kwa matofali. Aliyekaa pale huona mbele yake bahari na Etna pamoja. Sisi tuliona bahari. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, na wageni wenzetu walisikitika sana juu ya picha zao.

Mji huu ulikuwa miongoni mwa ngome za mwisho kutekwa na Waislamu. Amiri Ibrahim wa pili aliuchukua Agosti 1, 902. Ukaasi, ukazingirwa tena, ukatekwa mwaka 962, na ukaitwa al-Mu'izziyya kwa jina la Khalifa al-Mu'izz, ambaye majeshi yake yalijenga Kairo miaka saba baadaye. Mwaka 1079 Wanormani waliutwaa. Jina lile limekufa. Katika jumba liitwalo Palazzo Corvaja umebaki mnara wa zama hizo, na hapo tulisimama kidogo. Mengine ya Taormina ni maduka, tena ya ghali. Kikombe cha kahawa pale ni bei ya chakula kizima Wete.

Katika duka mojawapo, hata hivyo, tulipata la manufaa kuliko yote ya siku ile. Zilikuwapo njugu za pistachio, ambazo Waarabu huziita fustuq na Wasicily frastuca. Kiongozi wetu amezaliwa na wakulima wake, huko Bronte, magharibi ya mlima. Miti hubebeshwa juu ya mti wa mwitu uotao katika lava, na huzaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili, jambo ambalo mwenye mikarafuu atalielewa bila ya kufunzwa. Lakini wao hawauachi mti uamue: mwaka wa shufwa huondoa vitumba kwa mkono, na huvuna mwaka wa witri tu. Na jina la pistachio ya Bronte linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya. Njugu isiyotoka Bronte na vijiji viwili vya jirani, Adrano na Biancavilla, haiuzwi kwa jina hilo.

Wiki ile ile mnunuzi mmoja alikuwa ametuambia kuwa karafuu ikishaingia ghalani kwake hachagui tena ni ya wapi. Zote humwagwa pamoja. Tukamwuliza kiongozi ni nani aliyewapigania wakulima wa Bronte jina lao. Akasema ni wao wenyewe, kwa chama chao, na ilichukua miaka.

Tulinunua pakiti moja, gramu mia moja. Mweka hazina ameifungua lebo kwa uangalifu, nayo imebandikwa ukutani ofisini pamoja na tafsiri yake. Atakaye kuisoma na kutoa rai yake kabla ya kikao cha kamati aje siku za kazi, kabla ya adhuhuri. Njugu zenyewe zimekwisha.