SOKO LA MAGARI: Namba mpya, injini ya zamani

Bei za magari yaliyotumika katika miji ya Mbeya na Iringa bado hutajwa kwa herufi. Dalali akiulizwa hali ya gari, jibu la kwanza huwa ni namba D au namba E, yaani herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho katika kibao cha usajili. Mkulima aliyeuza mpunga wa Usangu au mahindi ya Ismani, ambaye fedha za msimu mzima zinamtosha gari moja tu, huongeza dau kwa ajili ya herufi hiyo kabla hajafungua boneti.

Kibao hicho kinaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini. Mwaka wa kutengenezwa haumo. Toyota IST ya toleo la kwanza, kwa mfano, ilitengenezwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007. Mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja zinaweza kuwa na namba C na E, kwa sababu moja iliagizwa mapema na nyingine ikachelewa kuletwa. Tofauti ya bei kati yao ina msingi wake, kwani ile ya E haijapigwa na mashimo ya huku kwa muda mrefu. Sehemu nyingine ya tofauti ni kodi. Miongozo ya TRA ya miaka ya karibuni inaonyesha kuwa gari la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 tangu kutengenezwa huongezewa ushuru wa asilimia 15 linapoingizwa, na likizidi miaka 10 ushuru huo ni asilimia 30. Aliyeagiza gari kuukuu ameshaulipa uzee wake Serikalini, na anapoliuza anataka fedha hiyo irudi.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, hata hivyo, kuna kipimo ambacho kibao hakigusi. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa haiko mbali na mita 1,600. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. IST ya cc 1,500, yenye nguvu za farasi zipatazo 109 kiwandani, ikifika Mbeya hubaki na kama 90. Ile ya cc 1,300 ina 87. Kwa maneno mengine, anayeendesha cc 1,500 Mwanjelwa ana nguvu ya mwenye cc 1,300 aliyeko Kariakoo. Wanaodai kuwa ile ndogo haifai Kitonga ikiwa na watu watano na mizigo hawatii chumvi sana: hupanda, lakini kwa gia ndogo na kelele nyingi.

Ubishi mkubwa zaidi uko kwenye Noah, gari linalobeba abiria wengi wa vijijini mkoani Mbeya. Noah ya zamani yenye injini ya 3S husifiwa na mafundi kuliko toleo lililoifuata mwaka 2001 likiwa na injini ya D4. Katika D4 petroli husukumwa kwa shinikizo kubwa moja kwa moja ndani ya silinda, na pampu yake haivumilii mafuta machafu. Lawama hizo ni za kweli kwa kiasi, ingawa D4 nyingi zimeuawa na utunzaji mbovu. Matokeo yake sokoni ni kwamba gari jipya zaidi laweza kukaa kwa dalali huku lile kongwe likigombewa.

Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, cc 4,164, nayo haina turbo na hupungukiwa vilevile, ila ni kubwa kiasi kwamba dereva hajali, na kila fundi anaijua. Bei yake haishuki kirahisi. Land Rover 110 ya Tdi 300 ina turbo, hivyo mwinuko hauiumizi sana. Mashabiki wake huitetea kwa moyo zaidi kuliko kwa hesabu ya spea.

Jambo linalosahauliwa ni rejeta. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 94, siyo 100, na mfuniko wa rejeta uliolegea hutosha kuliunguza gasketi mlimani. Wapo wanaong'oa thamostati ili gari lisichemshe. Katika asubuhi za baridi za Juni na Julai injini hiyo huchelewa kupata moto na hunywa mafuta ovyo, na mnunuzi hudhani ulaji huo ni tabia ya gari.

Wazoefu huenda kukagua gari alfajiri, wakagusa boneti kwanza kuona kama muuzaji ameshalipasha moto. Kisha huomba mlima: Iringa ni kutoka Ipogolo hadi mjini, Mbeya ni barabara ya Chunya. Muuzaji akisingizia kuwa gari halina mafuta, humwekea lita tano.