Filamu ya Beatles iliyolenga kuuza santuri ilivyogeuka kielelezo

KAMPUNI ya United Artists ilipoamua kutengeneza filamu kuhusu kundi la muziki la Beatles, haja yake kuu ilikuwa santuri. Mkataba wa vijana hao na kampuni iliyorekodi muziki wao haukugusa nyimbo za filamu, na United Artists ilitaka kuutumia mwanya huo kuuza nyimbo zao nchini Marekani.

Kazi hiyo iliharakishwa kwa hofu kwamba umaarufu wa kundi hilo kutoka Liverpool ungefifia wakati wowote. Upigaji filamu ulianza Machi 1964, na Julai 6 mwaka huo huo A Hard Day's Night ikazinduliwa jijini London. Bajeti ilikuwa takriban pauni 200,000 pekee, na picha zilikuwa nyeusi na nyeupe.

Wakati huo, filamu nyingi za wanamuziki ziliwavika uhusika wa kubuni na kuwatafutia kisa cha mapenzi. Mwelekezi Richard Lester, Mmarekani aliyefanya kazi Uingereza, alikataa mtindo huo. John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr waliigiza wakiwa wao wenyewe.

Mwandishi Alun Owen aliandamana nao kwanza ziarani, akasikiliza walivyotaniana. Kwa kuwa hawakuwa waigizaji, aliwaandikia maneno mafupi mafupi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Vijana hao wanakimbizwa na mashabiki, wanapanda garimoshi hadi London na kujiandaa kwa kipindi cha televisheni. Wameandamana na babu mkorofi wa Paul, aliyeigizwa na Wilfrid Brambell.

Hata hivyo, nyuma ya vichekesho hivyo mna picha ya watu waliofungwa na sifa zao wenyewe. Kila waendako wanaelekezwa, wanahesabiwa na kufungiwa vyumbani. Wanapopata upenyo, wanateremka ngazi za dharura na kurukaruka uwanjani kama watoto, hadi mtu anapowakumbusha kuwa hapo ni mali ya wenyewe.

Ringo naye, akichochewa na babu huyo, anatoroka saa chache kabla ya kipindi na kutangatanga kando ya mto. Huzuni yake ilisifiwa sana na wahakiki. Baadaye alieleza kwamba siku hiyo alifika kazini moja kwa moja kutoka klabuni, bila kulala.

Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo mbili za Oscar, kwa mswada wa Owen na kwa muziki uliosimamiwa na George Martin. Aidha, mtindo wa Lester wa kukata picha kufuata mdundo ulitangulia video za muziki zilizoenea baada ya kituo cha MTV kuanzishwa mwaka wa 1981.

Mnamo 2014, miaka 50 baada ya uzinduzi, filamu iliyoharakishwa ili sifa zisipoe ilirejeshwa kumbini ikiwa imekarabatiwa.