Anayepigwa nyumbani: Msaidie kwa simu bila kumponza

Huenda siku moja simu yako ikaita, ukamsikia dada, shoga au jirani yako analia kwa sauti ya chini. Mumewe kampiga. Wewe uko mbali, huna cha kumsaidia isipokuwa simu hiyo. Utaanzia wapi?

Kwanza, usiulize kisa. Muulize: "Unaweza kuzungumza sasa? Yuko karibu?" Uliza maswali ambayo atayajibu kwa ndiyo au hapana tu. Kisha mkubaliane maneno ya siri. Akisema "ungo wako nitauleta kesho", ujue mume ameingia, kateni simu. Akisema "chumvi imekwisha", ujue anataka uwaite majirani au polisi. Kwa Tanzania, namba ya dharura ya polisi ni 112.

Pili, usimpigie wala kumtumia ujumbe kabla hamjakubaliana saa. Wanaume wengi wa aina hiyo hupekua simu za wake zao. Ujumbe mmoja wa "bado anakupiga?" unatosha kumletea kipigo kingine. Ni salama zaidi atumie simu ya mtu anayemwamini. Picha za majeraha zitunze wewe.

Tatu, kumbuka kuwa kwa simu huoni jeraha, hivyo uliza. Je, amekabwa shingo? Alipoteza fahamu? Ana mimba? Aliyekabwa anaweza kuonekana mzima, shingo haina hata alama, kumbe mishipa ya damu ya ndani imeumia au koo linavimba taratibu. Hali inaweza kubadilika baada ya saa au siku kadhaa, na wengine hufa. Sauti ikiwa imekwaruza, akimeza kwa shida, akihema kwa tabu au kichwa kikimuuma sana, aende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mjamzito anayetokwa damu au asiyemsikia mtoto akicheza. Aliyeingiliwa kwa nguvu afike hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia VVU. Kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi.

Polisi humpatia fomu ya PF3, na kwenye vituo vingi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini aliye katika hatari ya kufa atibiwe kwanza.

Nne, usimlazimishe kuondoka, wala usimpigie mume "kuwasuluhisha" bila ridhaa yake. Wakati wa kuondoka ndio mara nyingi huwa wa hatari zaidi. Msaidie kujiandaa: nauli, vyeti, kadi za kliniki za watoto na nguo chache viwekwe kwa mtu wa kuaminika.

Mwisho, siri yake isiwe habari ya kibarazani. Ikimfikia mume, aliyekupigia ndiye atakayeumia. Kabla ya kukata simu, mwambie: "Kosa si lako. Tuzungumze tena saa ngapi?" Saa hiyo ikifika, simu yako iwe na chaji.